JIJI JIPYA CHINI YA KILIMA CHA KALE

(Maneno ya hotuba juu ya Nakuru na Hyrax Hill)



Tarehe 1 Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi mji wa Nakuru hati ya kuwa jiji, nao ukawa jiji la nne katika Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wenyeji walifurahi, na haki yao kufurahi. Kwa maana ule uliokuwa kituo cha reli penye vumbi, mwanzoni mwa karne ya ishirini, umekuwa makao ya watu zaidi ya nusu milioni.

Lakini mwendo wa kilomita 4 hivi kutoka katikati ya jiji hilo, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi, pana kilima kidogo cha mawe. Kwa Kiingereza huitwa Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi, kwa sababu ya wanyama wadogo wale waliozoea kuishi katika miamba yake. Juu ya kilima hicho na kandokando yake watu walijenga, walifuga, walipika na kuzika wafu wao yapata miaka 3,000 iliyopita. Basi jiji la Nakuru, pamoja na barabara zake na taa zake, ni mgeni wa juzi katika mahali penye wenyeji wa zamani sana.

Hotuba hii yahusu majirani hao wawili, jiji na kilima, na swali moja lililo kati yao: Je, mgeni huyu atamsikiliza mwenyeji wake, au atamfukia?

MJI ULIVYOZALIWA

Jina la Nakuru latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Kabla ya mji kuwako, Wamasai walichunga ng'ombe katika bonde lile, kati ya mlima Menengai na ziwa. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1900, na mwaka 1904 mipaka ya mji ikatangazwa na serikali. Mwaka huohuo wa 1904 ulifanywa mkataba ambao kwa ajili yake Wamasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa yaliyo karibu na reli, wengi wao wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 ukafanywa mkataba mwingine wa kuwaondoa huko nako na kuwapeleka kusini. Hayo hayana budi kusemwa wazi: mji ulipata hati yake ya kwanza mwaka uleule ambao wenye malisho waliambiwa waondoke.

Baada ya hayo, mji ulichorwa kwa rula. Reli iliwekwa chini penye uwanda, maduka yakapangwa kando yake, na nyumba za wakubwa Wazungu zikajengwa juu, penye upepo, katika mteremko wa Menengai. Waafrika walipewa mahali pao pa chini. Hata leo majina yenyewe yanashuhudia, kwa kuwa mtaa wa juu huitwa Milimani na mtaa wa chini huitwa Bondeni. Huo ulikuwa mpango wa mji, lakini ulikuwa mpango uliopima rangi ya mtu kabla ya kupima udongo atakaoukanyaga.

Katika miaka ya 1920 ilijengwa reli mpya kutoka Nakuru kupitia Timboroa hadi Eldoret, ikaendelea Uganda hata kufika Kampala mwaka 1931. Hivyo Nakuru ikawa njia panda. Ngano, mahindi, pareto na maziwa ya mashamba yaliyozunguka vyote vilipita hapo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, watu wa kila kabila walikuja kutafuta kazi na mashamba. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha wakazi 47,151. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha wakazi 570,674. Maana yake ni kwamba, katika miaka 50, mji uliongezeka zaidi ya mara kumi na mbili.

Sasa mtu atazame ramani. Upande wa kaskazini mji umezuiwa na Menengai, mlima wa moto wa zamani wenye shimo kubwa mno kileleni. Upande wa kusini umezuiwa na Ziwa Nakuru na hifadhi yake ya wanyama, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mji hauna pa kupanukia ila magharibi na mashariki. Magharibi kuna ardhi yenye nyufa, ambayo itatajwa mbele. Mashariki, njiani kwenda Lanet, kuna Hyrax Hill. Ndiyo sababu nyumba zimezidi kukisogelea kilima mwaka hata mwaka. Si kwa uadui wa mtu yeyote, bali kwa sababu mji uliobanwa hujipenyeza palipo na nafasi.

KILIMA CHENYEWE

Mwaka 1926, Bwana Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete na kukua akisema Kikikuyu, alikuwa akichimbua makaburi ya kale katika shamba moja karibu na Nakuru, naye akatambua kwamba kilima hiki nacho kina mambo. Mkewe, Bibi Mary Leakey, ndiye aliyekichimbua kwa uangalifu mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 kilima kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1965 nyumba ya shamba iliyokuwa hapo ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Mpaka leo watoto wa shule hupelekwa kutazama.

Mgeni apandaye kilima hicho hatakuta majumba makubwa kama ya Gedi, karibu na Malindi, wala misikiti ya mawe. Atakuta vitu vya watu wa kawaida, na pengine ndiyo maana vinagusa moyo zaidi. Atakuta makaburi ya zama za mawe, ambamo wanawake walilazwa pamoja na sinia za mawe, lakini wanaume hawakuwekewa kitu cha namna hiyo. Mtu aliyeona mama yake akisaga nafaka juu ya jiwe hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba mikono iliyolichonga sinia lile ilimheshimu aliyezikwa nalo.

Atakuta pia vipande vya jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama kioo, ambalo watu wa kale walilipasua kuwa visu na nyembe. Mawe ya namna hiyo yalipatikana hasa upande wa mlima Eburru na Naivasha, nayo yalichukuliwa mbali sana kwa miguu. Kumbe biashara ya Bonde la Ufa haikuanza na reli.

Juu kileleni kuna mabaki ya ukuta wa mawe ambao watu huuita ngome. Na juu ya mwamba kumechongwa mashimo ya bao, safu kwa safu. Hapo palikaa watu ambao, baada ya kufunga mifugo, walipata saa ya kucheza na kubishana kama wafanyavyo wazee wa Pwani chini ya mwembe hata leo.

Tena kilima hakisimami peke yake. Karibu na Njoro kuna pango ambalo Bibi Leakey alilichimbua mwaka 1938, na ndani yake watu wengi walikuwa wamechomwa moto kwa desturi ya mazishi, kila mmoja na bakuli lake la jiwe. Na huko Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita, palipogunduliwa mwaka 1928, kuna shoka za mawe ambazo umri wake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Bonde lote ni kama kitabu chenye kurasa nyingi, na Hyrax Hill ni ukurasa ulio karibu zaidi na mlango wa jiji.

KOSA LA WATAALAMU

Kuna jambo moja katika kilima hicho ambalo linafaa kukumbukwa na kila mpanga miji. Upande wa kaskazini mashariki kuna mashimo makubwa ya duara, 13 kwa hesabu. Mashimo ya namna hiyo yapo mamia kwa mamia katika nchi ya juu ya magharibi ya Kenya. Kwa muda mrefu, wataalamu walidhani kwamba yalikuwa nyumba, yaani kwamba watu wa kale walijichimbia ardhini wakakaa humo.

Wazee wa Kikalenjin na wa Kimasai walikuwa na habari za watu walioitwa Wasirikwa, wafugaji waliotangulia katika nchi ile. Kuanzia miaka ya 1960, mtaalamu John Sutton aliyachunguza mashimo hayo upya, na ikabainika kwamba hayakuwa nyumba hata kidogo. Yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilala ndani ya shimo, salama kwa baridi na kwa wezi; mlango ulielekea upande wa mteremko; samadi na matope vilizolewa nje vikawa kichuguu mbele ya mlango; na nyumba ya watu ilijengwa ubavuni, ikiwa na njia ya kuingilia zizini. Mwenye nyumba aliweza kusikia ng'ombe wake wakitafuna usiku.

Mfugaji yeyote wa Baringo au Narok angaliweza kuitambua hekima hiyo, kama angaliletwa akaonyeshwa. Funzo lake ni hili: aliyesoma sana aweza kutazama kitu mbele ya macho yake asikione, ikiwa hakuwauliza walioishi kwa kitu hicho. Yampasa mpima ardhi ajaye na vyombo vyake ajue kwamba nchi anayoipima imekwisha kupimwa na wengine kwa miguu, kwa ng'ombe na kwa njaa.

ZIWA LIJALO NA KWENDA

Sasa lije swali lililo gumu zaidi. Mtu aweza kusema: "Mji una watu zaidi ya laki tano. Wengine wanalala chumba kimoja watu sita. Je, mifupa ya miaka 3,000 ipewe ekari nzimanzima, na walio hai wakose pa kujenga?"

Swali hilo si la kudharau, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba mambo ya kale ni mazuri. Laweza kujibiwa kwa habari ya ziwa.

Yapata miaka 9,000 iliyopita, Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa, lenye maji matamu, ambalo uso wake ulikuwa juu kuliko wa leo kwa zaidi ya mita 100. Hyrax Hill wakati huo kilizungukwa na maji kama kisiwa au rasi. Alama za fukwe za zamani zingali zaonekana katika miteremko, mahali ambapo leo hapana tone la maji. Baadaye nchi ilikauka, ziwa likarudi nyuma, likawa la chumvi, na majani yakaota palipokuwa na maji. Ndipo walipokuja wafugaji wenye sinia za mawe. Walijenga penye mwinuko, mahali wawezapo kuliona ziwa bila kulilalia.

Ziwa halikuacha tabia yake. Katikati ya miaka ya 1990 lilipungua hata karibu kukauka, na upepo ukapeperusha vumbi la magadi hadi mjini. Watu walisema ziwa limekufa. Halafu, kuanzia mwaka 2010 hivi, likaanza kupanda. Eneo lake liliongezeka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Maji yalifunika lango kuu la hifadhi na ofisi zake, ikalazimu vihamishwe. Miti mirefu ya mgunga ilikauka ikiwa imesimama majini. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi walioipa Nakuru sifa duniani kote, wengi wao waliondoka kwenda Ziwa Bogoria, kwa kuwa maji yalizidi na chumvi ikapungua. Na huko Mwariki, watu waliojenga kwa akiba ya miaka mingi waliona maji yakiingia mlangoni.

Waswahili husema, maji yakijaa hupwa. Katika Nakuru ingefaa iongezwe, na yakipwa hujaa. Mtu aliyenunua kiwanja ziwa lilipokuwa limepungua aliuziwa ardhi kavu, na hakuna aliyemdanganya kwa maneno. Lakini alidanganywa na ufupi wa kumbukumbu. Maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuijua tabia ya ziwa. Kilima kinaijua.

Na ndivyo ilivyo habari ya ardhi yenyewe. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano ya zamani. Mvua kubwa inyeshapo, maji huingia katika nyufa zilizo chini, yakachukua udongo laini, na ghafla barabara au kiwanja hutitia. Upande wa magharibi wa mji ndiko nyufa zilikozidi, na huko ndiko mitaa ya watu maskini, kama Rhonda na Kaptembwo, ilikosongamana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika Nakuru, usipoujua ufa, hata huo ukuta hutaujenga.

Basi jibu la swali lile ni hili. Kilima hakiwanyang'anyi walio hai pa kujenga. Kinawaonyesha pasipofaa kujengwa. Ekari chache zikihifadhiwa hapo ni kama daftari la akiba ambalo ndani yake zimeandikwa habari za maji na udongo kwa maelfu ya miaka. Daftari hilo likichanwa, halinunuliki tena dukani. Nyumba ikibomoka yaweza kujengwa nyingine. Kaburi la kale likichimbwa na trekta kwa asubuhi moja, halirudi milele.

LIPASALO KUFANYWA

Katika miaka ya 1990, Nakuru ilikuwa miongoni mwa miji ya Afrika iliyofanya mpango mpya wa ukuaji wake kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ikitazama mazingira pamoja na nyumba na barabara, na wananchi wakashirikishwa. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Lakini mpango wa mji si karatasi ya kutundikwa ukutani. Ni ahadi, na ahadi hutazamwa siku mwenye pesa anapobisha mlango akitaka kibali cha kujenga mahali ambapo ramani imekataza.

Kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake. Wakuu wa jiji wapaswa kuweka mpaka wa kilima uonekane kwa macho, na kuacha nafasi wazi kukizunguka, ili nyumba zisije zikagusana na makaburi. Tena wahesabu mwisho wa ziwa kwa kutazama alama zake za juu, si kwa kutazama mahali liliposimama mwaka wa ukame.

Fundi na mwenye kiwanja, mchimbapo msingi mkakuta mifupa, vigae vya vyungu, mabakuli ya jiwe au vipande vingi vya jiwe jeusi ling'aalo, simamisheni sururu. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inamtaka aliyeona kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Asikichukue nyumbani, wala asikiuze barabarani. Kitu kilichong'olewa mahali pake ni kama neno lililokatwa katika barua: labda ni zuri, lakini halisemi tena lilichokusudiwa kusema.

Mkulima wa Njoro, Gilgil au Subukia, jembe lako laweza kuonyesha kile ambacho wataalamu wamekitafuta bila kukipata. Usione haya kumwita mwalimu wa shule iliyo karibu. Na walimu, wapelekeni watoto kilimani wakiwa wangali wadogo, wakayaone mashimo ya bao na mazizi ya Wasirikwa, kisha mkawaulize: "Ninyi mngejenga wapi?" Mtoto aliyejibu swali hilo akiwa na miaka kumi hatasahau atakapokuwa na miaka arobaini na kalamu ya kutia sahihi mkononi.

Liko jambo la mwisho. Nakuru ni mji wa makabila mengi, na zaidi ya mara moja umeona damu kwa ajili ya maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni. Mwaka 2008 haujasahauliwa. Kilima hiki kina jibu la upole kwa maneno hayo. Walikuwako wenye sinia za mawe, wakapita. Walikuwako Wasirikwa, wakapita. Wakaja Wamasai, wakaondolewa. Ikaja reli, na watu kutoka kila upande wakaifuata. Hakuna anayeweza kusimama juu ya mawe yale akasema kwamba yeye ndiye wa kwanza. Linalowezekana kusemwa ni kwamba kila aliyekuja alipewa mahali hapa kwa zamu, na zamu ya jiji imefika.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Jiji jipya limekuja na dawa za kila namna: hospitali, shule, maji ya mfereji na umeme. Mwenyeji wake, kilima cha kale, haombi mengi. Anaomba aachwe asimame mahali pake, na aulizwe kabla msingi haujachimbwa.